Kioo Juu ya Ufa

2 Novemba, Jumamosi

Mhandisi Eimear ndiye aliyeniambia niandike. "Kila siku, Bi Attracta, hali ya hewa na hali ya kioo. Mstari mmoja unatosha." Nimewafundisha watoto wa watu historia mpaka nikastaafu, na sijawahi kutosheka na mstari mmoja, lakini nitajitahidi.

Kioo chenyewe ni kipande chembamba, urefu wa kiganja, kilichobandikwa kwa plasta juu ya ufa wa ukuta wa mashariki, ncha moja huku na nyingine kule. Ukuta ukisogea kidogo tu, kinapasuka. Mwanzoni nilidhani ananitania. Miaka yote hii ya ukatibu wa kamati ya abasia, monasteri yetu ya kale, nimekuwa nikiwaandikia wale wa ofisi ya mambo ya kale waje waone ule ufa, na walipokuja wakaleta kipande cha dirisha.

Leo ni Siku ya Marehemu, kwa hiyo Kilvarna nzima ilikuwa humo ndani ikipalilia makaburi. Abasia haina paa tangu askari wa malkia wa Kiingereza walipoichoma karne nyingi zilizopita, na tangu hapo watu wetu huzikwa ndani, kila ukoo na mahali pake. Sisi tuko chini ya dirisha kubwa la mashariki, pale ilipokuwa altare. Panaitwa Kitanda cha kina Lavelle. Mtawa wa mwisho wa Kilvarna, mzee kipofu, alifichwa na babu zetu kwenye zizi la ng'ombe mpaka akafa, na kabla ya kukata roho aliagiza ukoo ule ulale karibu na altare. Ndivyo tunavyosimuliana. Kama mwalimu nilipaswa kudai ushahidi. Kama Lavelle sijawahi kuutaka.

Mama aligoma kubaki nyumbani. Mdogo wangu Festus akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu juu ya nyasi na mawe.

"Taratibu, wewe. Mimi si mzigo wa mboji."

"Mboji hailalamiki, Mama." Huku kwetu mboji hukaushwa ikachomwa jikoni badala ya kuni.

Alipofika Kitandani alilitazama jiwe la Baba, kisha akatazama nyasi zilizo upande wa kulia. "Hapo," akasema, kama anayemwonyesha fundi mahali pa kuweka kabati. "Nimelala kulia kwa baba yenu maisha yangu yote ya ndoa. Nikilazwa kwingine sitapata usingizi."

Mawingu, bila mvua. Kioo kizima.

3 Novemba

Mvua. Kioo kizima.

5 Novemba

Mvua. Kioo kizima. Festus aliniuliza kama ofisi inanilipa kwa kwenda kutazama kioo. Nikasema hapana. Akasema kwa mshahara huo yuko tayari kunipumzisha siku za Jumapili.

12 Novemba, Jumanne

Sijui niandike nini kwanza.

Eimear alirudi na mafundi wawili, wakachimba shimo dogo kwa nje, chini kabisa ya ukuta wa mashariki, kutafuta msingi. Alilala kifudifudi kwenye tope na koti lake zuri, akaingiza kichwa na tochi, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na udongo kidevuni, nikampa kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yangu.

"Bi Attracta, ukoo wenu unazikwa hapa tangu lini?"

"Tangu yule mtawa kipofu."

"Na kila mmoja anataka awe karibu na ukuta."

"Karibu na altare," nikamsahihisha.

Akanieleza, na alieleza vizuri, hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani angeelewa. Watawa walijenga msingi mfupi juu ya udongo mgumu, na ulitosha. Ila kila kizazi chetu kilichimba hapo hapo, kila mmoja akijisogeza kidogo kumpita aliyetangulia, na udongo uliochimbwa haurudi tena kuwa mgumu. "Msingi haupo tena," alisema. "Ukuta umesimama juu ya wazee wenu, na wazee wenu wameanza kulegea." Hakuwa anatania. Alikuwa karibu kulia.

Kwa hiyo ni sisi. Si malkia, si askari wake, si mvua ya karne tano. Tumeupenda ukuta huu mpaka tumeula.

Dawa ipo: kuujengea msingi mpya kipande kwa kipande, kisha kuuziba ufa kwa chokaa. Lakini chokaa haishiki wakati wa baridi, inaganda na kumomonyoka kabla ya kukauka, kwa hiyo kazi haiwezi kuanza kabla ya Aprili. Mpaka hapo makaburi yafungwe. Kusichimbwe chochote.

"Hata kaburi moja?" nikauliza.

Aliona nilikotazama. "Hasa hilo moja," akasema.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa kama niliyepigwa. Barua zote zile niliziandika mimi, kwa mkono wangu, nikisihi waje. Wamekuja. Mama alikuwa dirishani akaniuliza ukuta unaendeleaje, nikamwambia unaendelea vizuri. Mvua jioni. Kioo kizima.

20 Novemba

Tangazo limebandikwa langoni, na kufuli. Ufunguo mmoja uko ofisini, mwingine ninao mimi. Festus alilisoma tangazo kwa sauti ya padri, mbele ya Pakie Gavin, jirani yetu. Huku kwetu kaburi huchimbwa na majirani, si na watu wa kulipwa, na upande wetu wa mlima Pakie ndiye anayewaongoza wachimbaji tangu nywele zake zilipokuwa nyekundu.

Pakie alivua kofia, akaitafakari ile karatasi. "Basi jamani, serikali imesema. Asife mtu mpaka Aprili."

Walicheka wote. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

9 Desemba

Ukungu. Kioo kizima. Mama ana kikohozi.

13 Desemba, Ijumaa

Tulimpeleka Mama kwa daktari, na kurudi tukapita makaburi mapya ya halmashauri, barabarani, kando ya kituo cha mafuta. Nyasi zimekatwa, mistari imenyooka, na maji yametuama katikati ya mistari. Festus alipunguza mwendo, nadhani kwa makusudi. Alitaka nione.

"Hapa ndipo wanapowaweka watu wasio na kwao?" Mama aliuliza.

"Ni makaburi ya kisasa, Mama," nikasema.

"Ulale hapo ukisikiliza watu wakinunua dizeli mpaka Siku ya Mwisho. Masikini."

Festus alinitazama kwenye kioo cha gari. Sikumtazama. Alipomaliza kumwingiza Mama ndani alinifuata hadi kwenye ghala la mboji.

"Utamwambia lini?"

"Anaweza kuvuka mpaka Aprili. Daktari anasema ni kifua tu."

"Na asipovuka?"

"Festus, niache."

"Mwaka mzima unapiga kelele za ukuta, ukuta. Mimi nina shamba upande wa pili wa ukuta huo, kondoo wangu wanajikinga upepo hapo, na sijamwona hata mmoja akiogopa."

Ndiye ndugu yangu wa pekee, na leo sikuweza kumvumilia. Ana kichwa kigumu, na kila kitu kwake kinapimwa kwa kondoo. Kioo kizima.

25 Desemba

Krismasi. Upepo mkali kutoka baharini, umeme umekatika, bata mzinga hakuiva. Tulikula nyama baridi na viazi karibu na jiko. Mama aliimba ubeti mmoja akakohoa, akaacha. Nilikwenda abasia mchana nikiwa nimejifunga skafu mbili. Kioo kizima. Nilisimama nikakishukuru, kipande cha kioo, siku ya kuzaliwa Bwana.

8 Januari

Mvua. Kioo kizima.

9 Januari

Mvua. Kioo kizima. Mama hajashuka kitandani.

10 Januari

Mvua. Kioo kizima.

19 Januari, Jumapili

Barafu imefunika malisho. Nilipotoka kwenye Misa nilimkuta Festus akimwosha Mama nywele. Amemweka kichwa kwenye karai, anamwagia maji kwa kikombe cha chai, kidogo kidogo, huku mkono wake mwingine umemkinga macho. Mikono yake ni mikubwa, imejaa nyufa za baridi. Hakujua nipo mlangoni. Alikuwa anamsimulia habari za kondoo mmoja mkorofi kana kwamba ni mwana wa jirani, na Mama anauliza, "Halafu akafanyaje?"

Nilirudi nje nikagonga miguu kwenye ngazi ili nisikike nikija. Nimekuwa nikidhani mimi ndiye ninayemtunza Mama, na Festus anatuletea mboji tu.

Kioo kizima. Eimear alipiga simu kuuliza. Huwa anauliza hali ya Mama kwanza, kioo baadaye.

1 Februari, Jumamosi

Leo ni siku ya Mtakatifu Brigid, somo wa Mama, ingawa hakuna anayemwita Brigid. Ni Delia tangu utotoni. Jana jioni nilitandika kitambaa cheupe juu ya ua wa miti, kama alivyokuwa akifanya yeye, ili mtakatifu apite akibariki. Asubuhi kilikuwa kimelowa chapachapa. Nikakikausha jikoni, nikakiweka kifuani kwake. Amekwisha sana.

"Attracta."

"Naam, Mama."

"Festus ananificha kitu. Akiingia humu anaongea na ukuta."

"Festus ameanza kuongea na ukuta zamani."

Hakucheka. "Kitanda changu kipo?"

"Kipo, Mama."

"Hamjampa mtu wa kina Gavin?"

"Nani angethubutu."

"Utanilaza hapo. Kulia. Sema."

"Nitakulaza hapo, kulia."

"Hukunitazama. Sema ukinitazama."

Nikamtazama, nikasema. Macho yake yameingia ukungu lakini mwongo bado anamjua, nimeishi naye miaka sitini na nane. Akanishika kidole kimoja, akasema, "Haya basi," akalala usingizi mzuri ambao hajaupata tangu Krismasi.

Sijui nilisema kwa sababu nilidhani atavuka hadi Aprili, au kwa sababu nilitaka alale. Nimekaa hapa mezani na sijui. Kioo kizima.

15 Februari, Jumamosi

Mama amefariki saa nne asubuhi. Festus alikuwepo, mimi nilikuwa nimekwenda kutazama kioo. Kizima.

16 Februari, Jumapili

Nitaandika yote, kwa mpangilio, maana kesho watu watakuwa na simulizi zao.

Mama alikuwa sebuleni ndani ya jeneza, amevalishwa gauni la bluu, rozari vidoleni. Nyumba imejaa. Wanawake wa Kilvarna walishika jiko langu, wakakata mikate na nyama mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Padri alikuwa amepanga mazishi Jumatatu, na hapo ndipo tatizo lilipoanza. Kwetu kaburi halifunguliwi Jumatatu. Mazishi yakiangukia Jumatatu, basi Jumapili mtu huenda na sepetu akageuza pande moja la nyasi mahali pa kaburi, na kazi inahesabiwa kuwa imeanza jana yake.

Baada ya Misa Festus aliingia jikoni na Pakie Gavin na majirani wengine wawili. Wanawake wakatoka bila kuambiwa. Wanaume walisimama wameshika kofia, na sepetu zao nikaziona nje, zimeegemezwa ukutani.

"Nipe ufunguo, dada."

"Unajua siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Leo Jumapili. Kaburi lazima lifunguliwe leo kabla ya giza."

"Lifunguliwe kule barabarani."

Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyelitoa. Pakie akakohoa.

"Attracta, tutachimba kwa mkono. Polepole kabisa. Huo ukuta hautajua kama tupo."

"Umekuwa ukijua tangu enzi za mtawa kipofu, Pakie. Ndiyo maana umeinama."

"Msikieni mwalimu," Festus akasema. "Mama yuko chumba cha pili, na yeye anatoa somo."

"Wakiangukiwa humo shimoni, nitawaambia nini wake zao?"

"Mimi naridhika," akasema mmoja wa wale majirani.

"Mkeo nimemuuliza?"

Festus akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu, kama tulipokuwa watoto. Akapunguza sauti. "Ulimwahidi. Aliniambia mwenyewe siku ile ile. 'Attracta ameniahidi, sasa sina wasiwasi.' Alikata roho bila wasiwasi kwa sababu ya mdomo wako."

"Nilimwahidi," nikasema.

"Basi nipe ufunguo."

Ulikuwa mfukoni mwa sweta langu. Niliushika muda wote huo. Ningeandika hapa kwamba niliwafikiria wale wanaume tu, ningekuwa naongopa. Niliwafikiria, ndiyo. Lakini nililifikiria pia dirisha, zile nguzo zake nyembamba za mawe zinavyojikunja juu kama matawi, na wale watawa waliolijenga, na yule kipofu aliyetaka tulale karibu nalo. Niliwaza: Mama amekwisha kwenda, dirisha bado lipo, na mwezi Aprili uko karibu. Nililinganisha. Mwanamke mzima nililinganisha mama yangu na ukuta.

"Hapana," nikasema.

Pakie ndiye aliyevaa kofia kwanza. "Hatuchimbi kaburi la mama wa mtu binti yake akikataa. Halijawahi kutokea na halitaanza na mimi. Twendeni barabarani, giza lisitukute." Akanigusa bega alipopita. Heri angenitukana.

Festus alibaki mlangoni. "Umemzika mwenyewe leo," akaniambia. "Padri kesho anakamilisha tu."

Alasiri nilikwenda abasia, maana kioo lazima kitazamwe. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Kulia kwa jiwe la Baba nilikuta pande la nyasi limekatwa, mraba safi, limegeuzwa mizizi juu. Festus aliruka ukuta wa uwanja alfajiri, kabla hajaniomba ufunguo. Alikuwa na uhakika kwamba nitampa.

Nilipiga magoti nikaligeuza, nikalirudisha mahali pake, nikalibana pembeni kwa vidole mpaka mshono usionekane. Kioo kizima.

17 Februari, Jumatatu

Tumemzika kando ya kituo cha mafuta. Pakie na wenzake walikuwa wamegeuza nyasi jana kama ipasavyo, lakini makaburi ya halmashauri huchimbwa kwa katapila ya halmashauri, ndiyo sheria yao, kwa hiyo majirani walisimama na sepetu zao wakiitazama mashine. Shimo lilikuwa na maji chini. Padri aliposema "mavumbi" lori lilikuwa linapiga honi.

Festus hakusimama karibu nami. Kioo kizima.

18 Februari

Kioo kizima.

19 Februari

Kioo kizima.

20 Februari

Mvua. Kioo kizima. Festus ameacha mboji mlangoni bila kubisha hodi.

24 Februari

Dukani wameniambia pole kwa heshima zote, na nilipotoka wakaanza kuongea. Hata mimi ningeongea. Kioo kizima. Kila asubuhi kikiwa kizima najiambia, umeona? Ulifanya sawa. Nimekuwa ninakwenda mara mbili kwa siku kuambiwa hivyo.

2 Machi

Mvua kubwa, redio inasema dhoruba inakuja. Kioo kizima. Nilikaa pale nikamwambia Mama kwamba dirisha bado lipo. Kisha nikakumbuka kwamba hayupo pale.

5 Machi, Jumatano ya Majivu

Upepo ulianza jana jioni, wa magharibi, moja kwa moja kutoka baharini, na ulivuma hivi kwamba hakuna kitu kingine kilichosikika. Asubuhi ulitulia. Nilitoka nikiwa bado sijanywa chai.

Nikiwa langoni niliuona mlima. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi kuuona mlima kutoka lango lile, kwa sababu dirisha la mashariki lilikuwa mbele yake. Nilisimama nikiushangaa jinsi ulivyo karibu, na ilichukua muda kabla sijaelewa ninachokitazama.

Ukuta wote umelala. Umeangukia nje, ndani ya shamba la Festus, kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Ndani hakuna jiwe lililoanguka. Hakuna kaburi lililoguswa hata moja. Jiwe la Baba limesimama, limelowa tu, na nyasi zilizo kulia kwake zimeota vizuri pale nilipozibana.

Watu walianza kufika kutoka kanisani, wana alama za majivu kwenye vipaji vya nyuso. Walisimama kando ya pengo lililobaki. Pakie alivua kofia. Festus alikuwa shambani anawahesabu kondoo wake, na aliponiona akaacha kuhesabu, lakini hakuja.

Nilipanda juu ya mawe. Sehemu ya chini ya ukuta imelala nzima kwenye tope laini, uso wake wa ndani ukitazama mbinguni, na ule ufa umepita katikati yake vilevile kama zamani. Kioo kilikuwa juu yake. Nilikifuta maji kwa mkono nikakikagua ncha hadi ncha, kwa sababu nilishazoea.

Kioo kizima.

7 Machi, Ijumaa

Eimear alikuja, akazunguka mawe peke yake kwa muda mrefu, kisha akaja kukaa nami kwenye ukingo wa kaburi la kina Gavin. Nikamtilia chai.

"Ufa haukuwa na neno," akasema. "Wote tulikuwa tunautazama ufa. Ukuta umeng'oka chini, mzima mzima. Nilidhani ukianguka utaangukia ndani, huku uliko udongo laini. Huu upepo sikuuwazia."

"Kama tungemzika Mama hapa, ingebadilisha nini?"

Alizungusha kikombe mikononi. Nadhani alitafuta uongo na hakuupata. "Kwa upepo ule, Bi Attracta, ungeanguka tu. Kuwe na kaburi, kusiwe na kaburi."

"Na wachimbaji? Ile Jumapili?"

"Siku ile kulikuwa shwari." Akanywa chai. "Pengine ukuta usingewaangukia."

Nilitaka kumchukia. Ingenisaidia sana. Lakini alikuwa na macho mekundu, na alinipa ushauri mzuri aliokuwa nao, na ufunguo haukuwa mfukoni mwake.

17 Machi, Jumatatu

Mtakatifu Patrick. Tarumbeta mjini, mvua juu ya tarumbeta. Sikwenda.

26 Machi

Ofisi imeamua. Mawe yatakusanywa na kupangwa pembeni, labda siku moja yajengwe upya fedha ikipatikana. Na kwa kuwa ukuta wa hatari haupo tena, kufuli litaondolewa, na koo zenye haki zinaruhusiwa kuzika kama zamani.

Nilisoma mara mbili, nikidhani walitaka kuandika "haziruhusiwi".

30 Machi, Jumapili

Festus alibisha hodi. Ni mara ya kwanza tangu mazishi. Alivua buti, akakaa mahali pa Mama, si pake, na sidhani kama alijua. Nikampa chai na mkate.

"Wamefungua," akasema.

"Nimeona."

"Pakie anasema kuna kibali mtu anaweza kuomba. Wanamfukua, wanamhamisha. Yeye na wenzake wako tayari. Kwa mkono, anasema, hakuna katapila."

Niliweka kikombe chini. Kwa dakika hiyo moja nilimwona Mama amerudi, kulia, na kila kitu kimesahihishwa.

"Nikamwambia hapana," Festus akaendelea. "Tumemlaza. Kumwamsha tena ili sisi tujisikie vizuri, hapana. Nimelifikiria sana, nikiwa na kondoo."

Alikuwa na haki, na hakulisema kwa kunikomoa. Miezi yote hii nilimwona mtu wa kichwa kigumu, kumbe kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa anamfikiria Mama.

"Basi mahali pale ni pako," akasema. "Kulia kwa Baba. Wewe ndiye mkubwa."

"Sitalala pale, Festus. Nimekwisha kwenda halmashauri. Nimechukua kaburi kando ya Mama, pale barabarani."

Alitafuna mkate wake polepole. Mimi sina mtoto, naye hana. Baba atabaki Kitandani na babu zetu, chini ya mlima, na isipokuwa Festus, hatakuja mwingine.

"Upande gani?" akauliza hatimaye.

"Kushoto kwake," nikasema. "Ili awe kulia kwa mtu."

Festus alitikisa kichwa kukubali. Alimaliza chai yake, akavaa buti, akaenda kuwaangalia kondoo. Mvua tangu asubuhi.